Herufi 茶 kwenye kopo la chai: mhandisi anasema "cha", shangazi anasema ni rangi, binamu anasema "da". Wanaojua njooni

#1 Kopo_la_Bati
Wakuu, habari za jioni. Niko Iringa, kazi yangu ni upimaji wa barabara. Mhandisi wetu Mchina alipomaliza mkataba aliniachia kopo la majani ya chai. Ni jekundu, limekwanguka ukingoni, na katikati ya kifuniko kuna herufi moja tu kubwa ya dhahabu: 茶. Aliniambia inasomwa "cha", sauti inapanda kama mtu anayeuliza swali. Nikamwambia sisi tunasema chai. Akafurahi sana, akasema basi neno lenu ni letu.

Juzi shangazi yangu, aliyewahi kusoma Japani, kaliona kopo juu ya kabati. Akasema, "Hii ni chai, lakini ni rangi pia. Kule ukinunua viatu vya kahawia unaikuta herufi hii hii kwenye boksi." Binamu akadakia kwamba Wakorea wanaisoma "da". Tumebishana mpaka ugali ukapoa.

Naomba wanaojua wanisaidie. Herufi hii ilianzaje? Kwa nini kila taifa linaisoma kivyake? Na ni kweli neno letu limetoka humo?

#2 Mchanga_Mweupe
Kila mwezi kuna mtu humu anatuletea neno la Kiswahili "lililotoka China". Mpaka nione ushahidi, kwangu hiyo ni chai tu, kama vijana wa Dar wanavyouita uongo.

#3 Mwanafunzi_Wuhan
Mkuu #1, asante kwa uzi. Nimeishi Wuhan miaka mitano na Kichina nilijifunza kwa kuandika kila herufi mara hamsini.

Kwanza nitoe kitu kimoja njiani. Wengi watakwambia: juu ni majani, katikati ni mtu, chini ni mti, kwa hiyo chai ni "mtu katikati ya majani na miti". Walimu huitumia ili mwanafunzi asisahau. Inasaidia kukumbuka, ila asili yake siyo hiyo.

Asili ni herufi nyingine, 荼, inayosomwa *tú*. Ziweke pamoja uziangalie: 荼 茶. Tofauti ni mstari mmoja wa kulala, hapo chini ya "paa". Katika ile ya zamani, juu kuna alama ya mimea 艹, na chini kuna 余, ambayo kazi yake ni kutoa sauti tu. Hakuna mtu wala mti humo. Ilikuwa jina la mboga chungu ya porini. Katika mashairi ya kale kabisa ya China kuna mke aliyeachwa anayesema: nani kasema 荼 ni chungu? Kwangu ni tamu. Yaani uchungu alionao moyoni unaishinda mboga ile.

Majani ya chai nayo ni machungu, kwa hiyo yakaandikwa kwa herufi hiyo hiyo. Mwaka 59 KK mwandishi wa Sichuan aitwaye Wang Bao aliandika mkataba wa kumnunua mtumwa, na katika orodha ndefu ya kazi za mtumwa huyo imo kwenda Wuyang kununua 荼. Wasomi wengi wanaona hapo ni chai, kwa kuwa mboga ya porini haihitaji safari ya sokoni. Mstari uliondolewa baadaye, wakati wa utawala wa Tang, karne ya 8, ikazaliwa 茶.

#4 Kijiko_cha_Mti
Aliyeuondoa ni Lu Yu, yule bingwa aliyeandika kitabu cha kwanza cha chai. Hili linajulikana.

#5 Kalamu_Nyekundu
Kijiko, hapana. Lu Yu mwenyewe hakudai hivyo. Katika kitabu chake, mahali anapozungumzia namna ya kuandika chai, kuna maelezo kwamba umbo 茶 limetoka kwenye kamusi ya mfalme Xuanzong. Kamusi hiyo ni ya mwaka 735. Lu Yu alizaliwa 733. Mtoto wa miaka miwili hajaondoa mstari wa mtu yeyote.

Lakini hata hilo halimalizi shauri, na hapa ndipo mimi hukosa usingizi. Karne ya 17 msomi Gu Yanwu alipanda mlima Tai akasoma maandishi ya Tang yaliyochongwa kwenye mawe. Jiwe la mwaka 779 bado lina mstari. La mwaka 798 bado lina mstari. Kwenye mawe ya kwingine anayakuta maandishi yasiyo na mstari kuanzia mwaka 841, na tena 855. Kwa hiyo akasema badiliko ni la katikati ya Tang kuendelea. Sasa tumsadiki nani, kamusi ya 735 au mawe ya 798?

#6 Mwanafunzi_Wuhan
Kalamu, labda vyote viwili. Mchonga mawe ni mtu wa kushika desturi. Umbo jipya laweza kukaa kwenye karatasi miaka mia na zaidi kabla halijakubaliwa kwenye jiwe.

#7 Kalamu_Nyekundu
Au kamusi ile, ambayo haikutufikia nzima, ilinakiliwa baadaye na mtu aliyezoea umbo jipya. Wanakili husahihisha bila kusema.

#8 Binti_Ukerewe
Niko Guangzhou mwaka wa tisa, biashara ya vitenge na vifaa vya simu. Historia ya mawe nawaachia nyie. Mimi niwaambie herufi hii inavyoishi.

Hapa mtu akikualika asubuhi "kunywa chai", usiende umeshiba. Utaletewa birika, kisha vijikapu vya mianzi, maandazi ya mvuke yenye nyama, miguu ya kuku, uji, kamba ndani ya unga mweupe unaong'aa. Neno ni chai, maana ni kifungua kinywa. Siku ya kwanza nililia kidogo, kwa sababu nyumbani Ukerewe mama akisema "njooni mnywe chai" kuna viazi, kuna mihogo, na pengine chai yenyewe haipo. Watu wa mbali namna hii na wamekubaliana na mama yangu.

Na mtu akikumiminia, usimkatize kwa kusema asante. Gonga meza taratibu kwa vidole viwili, anajua umeshukuru.

#9 Nahodha_Mstaafu
Salaam alaikum wote. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Kuhusu neno letu: tulikuwa na Wareno pwani hii tangu 1498, na wao husema *chá* mpaka leo kwa sababu waliipata Makau, iliyokuwa bandari yao pwani ya China. Tumechukua kwao meza, leso, mvinyo, gereza. Kwa nini chai isiwe yao?

#10 Mwanafunzi_Wuhan
Mzee wangu, shikamoo. Ngoja nieleze sauti kwanza, halafu turudi Mombasa.

Zamani za Tang herufi hii ilitamkwa kwa kitu kama "dra", d iliyokunjwa ulimi. Kaskazini mwa China na Guangdong d ile ikalainika ikawa "cha". Lakini watu wa Fujian, hasa bandari ya Xiamen, waliiacha ngumu, wakasema "te". Waholanzi walinunua chai katika biashara iliyoshikwa na watu wa Fujian, wakabeba "te" mpaka Ulaya, ndiyo maana Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wana t. Waliopata chai kwa njia ya nchi kavu, au kupitia Makau, wana ch. Waajemi *chay*, Warusi *chay*, Waturuki *chay*. Herufi ni moja, matamko mawili, na ukisikia mtu anavyoita chai unajua mzigo wa babu yake ulipita njia ipi.

Binamu yake Kopo naye yuko sahihi. Ile "da" ya Wakorea ni d ya zamani. Na Wavietnamu wana *trà*, ambayo imehifadhi hata ule mkunjo wa ulimi.

#11 Mtoto_wa_Ruwi
Nahodha, nakuheshimu lakini Wareno siwakubali. Wao husema "cha", haina i mwishoni. Ile i ya "chai" imetoka wapi? Na Fort Jesus waliipoteza 1698, wakati chai hata kwao Ulaya bado ilikuwa ya matajiri.

#12 Nahodha_Mstaafu
Basi Wahindi. Wao ndio waliotufunza kuchemsha na maziwa na tangawizi.

#13 Mtoto_wa_Ruwi
Wahindi wa pwani yetu wengi walikuwa Wagujarati, na Kigujarati ni *cha*, nayo haina i! Wenye i ni Wahindi wa Kihindi na Kiurdu, na Waajemi. Mimi naishi Muscat, nikupe jambo jingine. Kiarabu cha kitabuni ni *shay*, kwa kuwa alfabeti ya Kiarabu haina ch. Lakini ukikaa na watu wa Kuwait au Emirates, vinywani mwao ni *chay* kabisa. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakishuka Lamu, Mombasa na Unguja kila msimu wa kaskazi. Kwa nini tutafute mbali?

#14 Kalamu_Nyekundu
Na hiyo i ya Kiajemi nayo haijatulia. Kuna wanaosema Waajemi walisikia *cháyè*, yaani "jani la chai", 茶葉, wakakata. Kuna wanaosema Kiajemi chenyewe huongeza y mwishoni mwa neno linaloishia na a ndefu. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba ni Ajemi, bado hatujui tunatamka "chai" au "jani la chai" nusu.

#15 Mchanga_Mweupe
Nimesoma #10 mpaka #14 mara mbili. Narudisha maneno yangu ya #2. Endeleeni.

#16 Mama_Nagoya
Mwanangu Kopo, shangazi yako hajakosea. Nimeolewa huku Nagoya miaka ishirini na mbili. Kahawia kwa Kijapani ni *chairo*, 茶色, maana yake rangi ya chai. Herufi hiyo iko kwenye boksi la viatu, hata kwenye dawa ya nywele.

Mgeni yeyote atauliza: chai ya Kijapani si ni ya kijani? Mimi niliuliza wiki ya kwanza. Mama mkwe akanijibu kwamba chai ya kijani ya sasa si ya zamani sana. Mwaka 1738 mkulima wa eneo la Uji, Nagatani Sōen, alieneza namna ya kuyapiga majani mvuke, kuyasokota na kuyakausha ili maji yabaki kijani. Kabla ya hapo chai ya mtu wa kawaida ilikuwa majani makubwa yaliyochemshwa, na maji yake yalikuwa kahawia. Wengine wanasema hapana, sababu ni nguo: vitambaa vilitiwa rangi kwa maji ya majani ya chai. Zamani za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, watawala waliwakataza wafanyabiashara kuvaa rangi za kujionyesha, basi watu wakahamia kwenye kahawia na kijivu, wakazigawa mpaka kukawa na msemo "chai arobaini na nane, panya mia moja". Panya ni kijivu.

Kusoma kwake huku kuna njia mbili. Mara nyingi ni *cha*. Lakini mgahawa wa zamani wa kahawa na chai ni *kissaten*, hapo ni *sa*, matamshi yaliyoingia baadaye kutoka China. Mpaka leo watu wanagongana kuhusu sanaa ya kuandaa chai: wapo wanaosema *sadō*, wapo wanaosema *chadō*, na kila mmoja anakusahihisha kwa upole.

#17 Mchanga_Mweupe
Mama, shikamoo. Hapo kwenye rangi nimesimama. Sisi kahawia tumeitoa kwenye kahawa! Wao chai, sisi kahawa, kikombe kile kile.

#18 Binti_Ukerewe
@Mchanga_Mweupe ngoja nikuongezee. Wachina wenyewe kwa kawaida hawasemi rangi ya chai. Ninapoagiza mikoba ya kahawia kiwandani naandika 咖啡色, *kāfēisè*, maana yake "rangi ya kahawa". Tuko pamoja nao kabisa. Wengine huandika 棕色, rangi ya mnazi-mwitu. Aliyebaki na chai ni Mjapani.

#19 Nahodha_Mstaafu
Na kwetu chai isiyo na maziwa ni "chai ya mkandaa". Mkandaa ni mti wa mikokoni, gome lake likichemshwa hutoa maji mekundu ya kukaza ngozi na kutia rangi. Kwa hiyo Mjapani ameita rangi kwa jina la chai, sisi tumeita chai kwa jina la rangi.

#20 Busan_Mbali
Nimefika kwa kuchelewa, niko maabara Busan. Kuhusu Kikorea, binamu yuko sahihi nusu. Herufi ina sauti mbili, *cha* na *da*. Chai ya kijani ni *nokcha*. Lakini sanaa ya chai ni *dado*, na migahawa ya zamani ni *dabang*, "chumba cha chai", ambako kinywaji kikuu kilikuwa kahawa.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki. Siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, profesa wangu alinialika kwao. Asubuhi wanafanya ibada ya wazee waliotangulia inayoitwa *charye*, 茶禮, "heshima ya chai". Meza imejaa: samaki, matunda yaliyokatwa juu tu, vitumbua vya mchele vyenye umbo la nusu mwezi, harufu ya majani ya msonobari. Baba yake akapiga magoti, akamimina kikombe, akakizungusha mara tatu juu ya moshi wa ubani. Nikasogea kuona chai. Ilikuwa pombe ya mchele. Chai haikuwepo popote.

Profesa anasema zamani za utawala wa Goryeo, Wabudha walipokuwa na nguvu, ilikuwa chai kweli, na wafalme wa Joseon waliofuata walipowabana Wabudha pombe ikachukua nafasi. Mke wake hakubali, anasema jina lilikuja tayari kutoka China na hapa walimimina walichokuwa nacho. Historia yao inasema mbegu za chai zililetwa na mjumbe wao aliyerudi kutoka Tang mwaka 828 zikapandwa mlima Jiri, kwa hiyo mmea wenyewe wanao siku nyingi.

Halafu huku kila kitu cha moto ni *cha*. Shayiri iliyokaangwa ni cha. Mahindi ni cha. Limau lililolowekwa kwenye asali ni cha. Jani la chai lenyewe si lazima.

#21 Korosho_Kwanza
Kama ni kushangaa, nisikilizeni wa Mtwara. Wavietnamu hununua sana korosho zetu ghafi, na mnunuzi mmoja alinialika kwao kusini. Nilijifunza neno moja ndani ya ndege, *chè*, kwa sababu programu ya simu iliniambia ni chai. Nikafika kibandani, nikaagiza kwa kujiamini. Nikaletewa bakuli: maharage, barafu iliyosagwa, vipande vya kijani vya jeli, na tui la nazi juu. Tamu kama visheti. Nilikula yote, lakini chai sikuipata.

Kusini chai ni *trà*, na *chè* ni bakuli lile. Kaskazini, Hanoi, ukisema *chè* unapata chai. Wote wawili wametoka herufi moja, nilivyoambiwa.

#22 Mwanafunzi_Wuhan
Trà na chè za chai ndiyo, herufi moja, chè ikiwa imeingia kwa mlango mwingine. Kuhusu lile bakuli tamu, wapo wanaoona maana imetanuka kutoka kinywaji hadi uji mtamu, na wapo wanaoona ni maneno mawili yaliyogongana. Wavietnamu pia waliitumia 茶 kwa sauti tu: mji wa Trà Vinh umeandikwa 茶榮, lakini jina linatokana na neno la bwawa katika Kikhmer, lugha ya Kambodia. Hakuna chai hapo.

#23 Mama_Nagoya
Sauti tu! Hata huku. *Mechakucha*, maana yake vurugu mechi, huandikwa kwa herufi mbili za 茶 na chai haihusiki. Na Mchanga, ile "chai" yako ya #2: Kijapani nacho kina *chaban*, mchezo wa kudanganyana, neno lililotoka kwa wahudumu wa chai wa majumba ya maigizo waliokuwa wakifanya vichekesho. Na *chakasu* ni kumfanyia mtu mzaha.

#24 Mchanga_Mweupe
Kumbe vijana wa Dar wana wenzao.

#25 Mpanda_Mufindi
Mimi nimekulia katikati ya mashamba ya chai, mama alikuwa mchumaji. Nauliza jambo dogo. Mmesema 荼 ilikuwa mboga chungu. Lakini sauti yenyewe, "dra" au nini, iliwafikiaje? Kama chai ni mmea wa kusini, wenyeji wa kusini waliiitaje kabla Wachina hawajaiandika?

#26 Mwanafunzi_Wuhan
Mkuu, umegusa penye moto. Wapo wataalamu wanaosema neno si la Kichina kabisa. Wanarudisha sauti ya kale hadi kitu kama "lra", halafu wanaangalia kusini-magharibi, Yunnan na jirani zake. Waburma wanakula majani ya chai yaliyochachushwa yaitwayo *lahpet*, na hiyo *la* ndiyo chai. Wengine wanaihusisha na neno la kale la "jani" katika lugha za ukanda ule. Kwa maelezo hayo Wachina walisikia "jani" kwa wenyeji, wakatafuta herufi yenye sauti inayokaribia na ladha inayofanana, wakaipata 荼.

#27 Kalamu_Nyekundu
Ni nadharia, isichukuliwe kama habari iliyokwisha. Wapo wanaotosheka na uchungu peke yake: mmea mchungu ukaitwa kwa jina la mmea mchungu. Lu Yu anaorodhesha majina matano ya chai, na mengine, kama *míng* 茗, hayaingii kwenye nadharia ya "la" hata kidogo.

#28 Mpanda_Mufindi
Mimi naiamini ya jani. Kwetu mama akinituma dukani hasemi "chai". Anasema, "Kimbia kalete majani." Mwenye duka haulizi majani gani. Jani likiwa ndilo linalolisha kijiji, litaitwa jani tu.

#29 Kopo_la_Bati
#28 umenikumbusha bibi. Ni kweli kabisa.

#30 Kijiko_cha_Mti
Kalamu ulinisahihisha, nikaenda kusoma. Chai kongwe kuliko zote iliyopatikana ni ya kaburi la mfalme Jing wa Han, aliyekufa 141 KK, karibu na Xi'an. Vichipukizi vilevile vya chai, utafiti ulitoka 2016.

#31 Kalamu_Nyekundu
Shukrani, na uko sahihi kuhusu kaburi hilo. Ila rekodi imeshapitwa. Huko Zoucheng, Shandong, kwenye kaburi la dola ndogo ya Zhu, walikuta bakuli limefunikwa kifudifudi na masalia ya majani yaliyochemshwa. Ni ya takriban 400 KK. Yaani mtu alikunywa, akayaacha makapi, na makapi ndiyo yaliyotufikia.

#32 Korosho_Kwanza
Kuna kona moja hamjaigusa. Chai kwetu ni rushwa pia. "Toa chai kidogo." Je, herufi hii nayo ina doa hilo?

#33 Binti_Ukerewe
Ina. 茶水费, "gharama ya maji ya chai", ni pesa inayopita chini ya meza, mfano mtu akitaka asogezwe kwenye foleni ya kununua nyumba. Na ukisikia mtu "amealikwa kunywa chai" na polisi, ujue ameitwa kuhojiwa.

#34 Mtoto_wa_Ruwi
Wahindi wana *chai-pani*, chai na maji. Wathai nao wana ada ya maji ya moto na chai, maana ile ile. Sidhani kama tuliigana. Popote mgeni anapokaribishwa kwa kikombe, ofisa naye atajifanya mgeni.

#35 Nahodha_Mstaafu
Au Wahindi walituachia na hilo pamoja na tangawizi. Silitoi.

#36 Mama_Nagoya
Turudi kwenye herufi, msiondoke bila hili. Huku mtu akitimiza miaka 108 sherehe yake inaitwa *chaju*, miaka ya chai. Sababu imo ndani ya herufi. Alama ya juu 艹 isome kama 十 mbili, kumi na kumi: 20. Chini tenganisha 八, 十, 八: nane, kumi, nane, yaani 88. Jumlisha. Na 88 peke yake ni sherehe ya mchele, kwa sababu 米 ndiyo 八十八.

#37 Mwanafunzi_Wuhan
Mama umenifungulia mlango. Wanafalsafa wawili wa China, Feng Youlan na Jin Yuelin, walizaliwa mwaka mmoja, 1895. Mwaka 1983 wote walitimiza 88. Feng akamwandikia rafiki yake: kwa nini tuishie kwenye mchele? Tukutane kwenye chai. Jin alifariki mwaka uliofuata. Feng aliendelea kuandika, macho yakiwa yameshamwishia, mpaka 1990.

#38 Busan_Mbali
Hiyo #37 nimemsomea profesa. Amekaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie.

#39 Kopo_la_Bati
Wadau, nimesoma yote, asanteni mno. Jana nilichukua chaki nikajaribu kuiandika kwenye mlango wa stoo: mstari wa kulala, viwili vya kusimama, paa, mstari wa kulala, wa kusimama, viwili vidogo pembeni. Mistari tisa, nilivyodhani. Nikapiga picha nikamtumia mhandisi. Akajibu kwamba nimeongeza mmoja chini ya paa, nimeandika 荼. Akasema isomwe *tú*, siyo *cha*, na kwamba hata Wachina hukosea hapo: wana msemo 如火如荼, "kama moto na kama 荼", kuhusu jeshi lililojipanga kwa mavazi mekundu na meupe, weupe wa maua ya nyasi, na wengi husoma "kama moto na kama chai".

Nikafuta mstari kwa kidole. Alama yake bado inaonekana.

#40 Kalamu_Nyekundu
Usiifute kabisa hiyo alama. Katika maneno ya Kibudha herufi ya zamani ipo hadi leo: mandala huandikwa 曼荼羅, na kuchoma maiti ni 荼毘. Lile jiwe la 855 nililotaja #5 lilikuwa linasema hilo la pili, na mchongaji aliuondoa mstari hata pale usipopaswa kuondoka.

#41 Kopo_la_Bati
Nimemsomea shangazi #36. Ana miaka 71. Alichukua kalamu, akakigeuza kifuniko, akatoa 71 kwenye 108, akaandika 37 kwa ndani. Sasa kopo ni lake.

#42 Kalamu_Nyekundu
Msalimie sana. Na kuhusu kamusi ya 735 na mawe ya 798, bado nasubiri mwenye neno.